Akili Bandia Kazini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa wanaotaka kutumia akili bandia kiwandani, hospitalini, shambani, benki au ofisini, na wanaohitaji kujua inafanya nini hasa na inaharibika wapi.

Akili bandia, akili unde, akili mnemba: ni vitu vitatu au kimoja?

Kimoja. Kiswahili bado hakijaamua jina, nasi hapa tunatumia "akili bandia". Taaluma yenyewe ilipata jina lake la Kiingereza kupitia mkutano wa Dartmouth, Marekani, mwaka 1956. Kujifunza kwa mashine ni tawi lake. Badala ya mtu kuandika kanuni moja moja ("joto likizidi 80, zima mota"), kompyuta hupewa mifano mingi ambayo majibu yake yanajulikana, nayo ikatafuta hesabu inayounganisha mifano na majibu. Hesabu hiyo ndiyo modeli.

Modeli hutoa namba, picha au maneno, basi. Kinachofuata baada ya hapo hupangwa na watu, na miradi mingi hufia hapo: namba ipo kwenye skrini, lakini hakuna aliyepangiwa la kuifanyia.

Nitajuaje kama kazi yangu inafaa?

Jaribu kukamilisha sentensi hii: "Modeli ikisema hivi, fulani atafanya vile, ndani ya muda huu." Ikikushinda, mradi haujaiva. Ukiweza, angalia mambo mengine matatu: uamuzi unajirudia mara nyingi, majibu ya zamani yamehifadhiwa, na kosa moja moja linaweza kukamatwa kabla halijaleta madhara. Uamuzi unaofanywa mara 2 kwa mwaka si kazi ya modeli. Na kama kanuni tano za fundi mzoefu zinatosha, andika hizo kanuni. Ni rahisi kuzikagua, na zikikosea unajua ni ipi iliyokosea.

Nahitaji data kiasi gani?

Kwa picha, ukianza na modeli iliyokwisha kufunzwa kwa picha za jumla, mia kadhaa kwa kila aina zinatosha jaribio la kwanza. Kwa majedwali, hesabu maelfu ya safu. Lakini usihesabu safu zote. Hesabu matukio unayoyatafuta. Jedwali la safu 100,000 lenye mashine 30 tu zilizoharibika lina mifano 30 ya kuharibika, hata likijaza diski nzima.

Kabla ya kufunza chochote, pima lebo zenyewe, yaani majibu yaliyobandikwa kwenye kila mfano. Chukua vitu 200, wape watu wawili wenye ujuzi waviwekee lebo kila mmoja peke yake, kisha linganisha. Wakikubaliana kwa vitu 160 tu kati ya 200, tatizo liko kwenye maelekezo ya kuweka lebo. Kaa nao, pitia vile 40 walivyotofautiana, andika upya maelekezo, rudia. Kazi hii inachosha na hakuna anayeipenda, lakini siku mbili zake huokoa miezi.

Data igawanywe vipi?

Kawaida asilimia 70 ya kufunzia, 15 ya kurekebishia, 15 ya mtihani wa mwisho unaofunguliwa mara moja tu. Mtego uko kwenye namna ya kugawa. Ukichanganya safu zote na kuzigawa kwa bahati nasibu, picha tatu za mgonjwa mmoja zitaangukia pande zote mbili, na modeli itafaulu kwa kumkumbuka mgonjwa badala ya kutambua ugonjwa. Gawa kwa mgonjwa, kwa mashine au kwa mteja. Kwa mambo ya wakati, kama mauzo, gawa kwa tarehe: funzia ya zamani, pimia ya karibuni.

Huo huitwa uvujaji: jibu linaifikia modeli kwa mlango wa nyuma. Uvujaji mwingine ni wa safu wima zinazojazwa baada ya tukio. Modeli ya kutabiri nani hatalipa mkopo ikipewa safu ya "idadi ya barua za kumkumbusha" itafaulu ajabu, kwa sababu barua hizo hutumwa kwa aliyekwisha kuchelewa. Matokeo yakiwa mazuri kupita kiasi, tafuta uvujaji kabla ya kushangilia.

Nichague modeli ipi?

Kwa majedwali, anza na miti ya maamuzi (mifululizo ya maswali ya ndiyo au hapana) inayojengwa mmoja juu ya makosa ya mwingine. Programu za XGBoost na LightGBM ndizo zinazotumika sana. Katika shindano la M5 la mwaka 2020, la kutabiri mauzo ya rejareja kwenye mifuatano 42,840 ya rekodi za mauzo, LightGBM ilitawala nafasi za juu. Kwa picha, tumia mtandao wa neva (modeli yenye tabaka nyingi za hesabu) uliokwisha kufunzwa, ukiufunza upya tabaka za mwisho. Kwa maandishi, modeli kubwa za lugha, kama iliyo ndani ya ChatGPT, ambazo karibu zote zimejengwa juu ya muundo wa mtandao wa neva uitwao transfoma, uliotangazwa mwaka 2017.

Kabla ya yote hayo weka kipimo cha kizembe: "wiki ijayo itakuwa kama wiki hii". Utashangaa ni modeli ngapi za gharama kubwa zinazoshindwa nacho.

Hospitalini inafanya nini leo?

Zaidi ni kusoma picha. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha IDx-DR, kifaa cha kuchunguza madhara ya kisukari kwenye retina (ukuta wa ndani, nyuma ya jicho), kilichokuwa cha kwanza kutoa jibu la uchunguzi bila daktari kuitafsiri picha. Katika majaribio kilitambua kwa usahihi mara 87.4 kati ya 100 wenye madhara yaliyovuka kiwango kidogo, na mara 89.5 kati ya 100 wasio nayo. Si namba za kutisha, lakini swali lilikuwa jembamba, kamera ilikuwa ya aina moja, na majibu yalikuwa mawili: nenda kwa mtaalamu wa macho, au rudi baada ya miezi 12.

Upande wa pili ni utafiti wa mwaka 2018 kuhusu modeli za kutambua nimonia kwenye eksirei za kifua. Modeli ziligundulika kuwa na uwezo wa kujua picha imetoka hospitali gani, na kwa kuwa hospitali moja ilikuwa na wagonjwa wengi zaidi wa nimonia, kujua hospitali kulitosha kubahatisha jibu. Zikipelekwa kwingine, ubora unashuka. Modeli hushika njia ya mkato yoyote unayoiachia wazi: alama ya mashine, rula iliyowekwa kando ya kidonda, aina ya karatasi.

Kwenye utafiti wa dawa, AlphaFold, inayotabiri umbo la protini kutokana na mfuatano wa amino asidi (vipande vinavyoijenga), iliwapa Demis Hassabis na John Jumper sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2024. Umbo la protini si dawa, hata hivyo. Majaribio ya maabara na ya wagonjwa yako palepale.

Kwa nini kipimo "sahihi kwa asilimia 90" hutoa majibu mengi ya uongo?

Piga hesabu. Chukua watu 10,000 ambao 100 kati yao wanaumwa. Kipimo kinakamata 90 kati ya wagonjwa 100. Kati ya wazima 9,900 kinakosea kwa 990. Walioambiwa "unaumwa" ni 1,080, na wanaoumwa kweli kati yao ni 90, yaani takriban asilimia 8. Kipimo hakina ulaghai. Ugonjwa ni wa nadra. Ndiyo maana jibu la kwanza liwe tiketi ya kipimo cha pili, na ndiyo maana muuzaji anayetaja "usahihi" peke yake hajakueleza kitu.

Benki hukamataje wizi wa kadi?

Kila muamala hupewa alama ndani ya sehemu ya sekunde, kwa kulinganisha kiasi, mahali, saa, kifaa na mazoea ya mwenye kadi. Ugumu uko kwenye uchache wa wizi. Kuna mkusanyo maarufu wa data za kadi za Ulaya wenye miamala 284,807, na ya wizi ni 492. Modeli mvivu inayosema "yote ni halali" ingekuwa sahihi kwa zaidi ya asilimia 99.8 bila kumkamata mwizi hata mmoja. Kwa hiyo pima mambo mawili: kati ya kengele zilizolia, ngapi ni za kweli, na kati ya wizi wote, kiasi gani kilikamatwa.

Kizingiti cha kengele hupangwa kwa gharama. Kama wizi uliopita unagharimu 200 na kukagua muamala mmoja kunagharimu 4, inalipa kukagua kila wenye uwezekano wa asilimia 2 au zaidi (4 kwa 200). Hesabu hiyo inasimama tu kama uwezekano unaotolewa na modeli ni wa kweli: miamala iliyopewa asilimia 2, takriban 2 kati ya 100 iwe ya wizi. Angalia hilo kwanza.

Kuna makosa mawili ambayo wengi huyajua wakiwa wamechelewa. Malalamiko ya wateja huja baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo data za mwezi uliopita huonekana safi kuliko zilivyo. Ziache nje ya mafunzo. Pia, muamala uliozuiwa haupati jibu kamwe, na modeli inayofunzwa kwa maamuzi yake yenyewe hujithibitishia makosa. Ruhusu sehemu ndogo, iliyochaguliwa kwa bahati nasibu na kuwekewa kikomo cha kiasi, ipite ili ujifunze kutokana nayo.

Kiwandani, mashine inaweza kujulikana kuwa itaharibika kabla haijaharibika?

Zile zinazozunguka, ndiyo, mara nyingi. Beringi inayoanza kuchubuka hugonga kwa mapigo yanayohesabika. Mota ya mizunguko 1,500 kwa dakika inazunguka mara 25 kwa sekunde. Beringi yenye gololi 9 ikichubuka pete ya nje hugonga takriban mara 0.4 × 9 × 25, yaani 90 kwa sekunde. Dalili za awali kabisa hujitokeza juu zaidi, kwenye maelfu ya mitetemo kwa sekunde.

Kihisi, yaani kifaa cha kupimia mtetemo, kilazimike kusoma zaidi ya mara mbili ya kasi ya mtetemo unaoutafuta. Ukitaka kuona mpaka 10,000 kwa sekunde, soma zaidi ya mara 20,000. Kihisi cha bei rahisi kinachosoma mara 100 hakitaona kitu, na hakuna modeli itakayorudisha kisichorekodiwa. Kifunge kwa skrubu kwenye nyumba ya beringi. Sumaku juu ya rangi hulegea na kumeza mitetemo ya kasi, na kukifunga kwenye kifuniko cha bati ni kupima bati.

Kwa kuwa mifano ya kuharibika ni michache, funza modeli ijue hali ya kawaida, kwa kipindi kinachojumuisha mizigo na kasi zote za mashine, kisha ikuonyeshe kinachokengeuka. Modeli iliyofunzwa kwa mzigo mdogo tu italia kila pampu ikifanya kazi sawasawa. Kengele za uongo zikizidi, mafundi huzima mfumo, na hapo hauwashwi tena. Waombe pia mafundi waandike walichokikuta walipofungua. Kitabu kilichojaa neno "imetengenezwa" hakimfundishi mtu wala mashine.

Na kamera za kukagua ubora?

Anza na hesabu ya pikseli, yaani nukta zinazounda picha. Kama kasoro ndogo kabisa ni milimita 0.5 na unataka iguse angalau pikseli 3, kila pikseli isizidi milimita 0.17. Eneo la upana wa milimita 300 linahitaji takriban pikseli 1,800. Kamera ikiwa chini ya hapo, acha kuzungumzia modeli.

Kisha mwanga. Funika eneo, tumia taa zako mwenyewe, funga kamera isijirekebishe mwanga wala rangi. Mifumo inayofaulu asubuhi na kufeli alasiri karibu kila mara ina dirisha karibu nayo. Mikwaruzo huonekana kwa taa ya pembeni. Madoa ya rangi kwa mwanga uliotawanywa. Na usitupe bidhaa mbovu: sanduku la kasoro halisi lina thamani kuliko maelfu ya picha za bidhaa nzima, na ndilo la kujaribia mfumo kila zamu inapoanza.

Simu inaweza kutambua ugonjwa wa mmea?

Inaweza, kwa tahadhari. Utafiti wa mwaka 2016 ulitumia picha 54,306 za majani kutoka mkusanyo wa picha wa PlantVillage, makundi 38 ya zao na ugonjwa, ukapata usahihi wa asilimia 99.35. Modeli hiyo ilipojaribiwa kwa picha zilizopigwa katika mazingira tofauti, usahihi ulishuka hadi juu kidogo ya asilimia 31. Picha za kufunzia zilikuwa za jani moja lililochumwa na kulazwa juu ya kitu cha rangi moja. Shambani kuna kivuli, udongo, mkono wa mtu na magonjwa mawili kwenye jani moja. Kusanya picha pale na kwa simu zilezile zitakazotumika, na weka jibu la "sijui". Upungufu wa madini pia hufanana na ugonjwa, na picha peke yake haiwezi kuvitenganisha kila mara.

Mbona utabiri wa mauzo hukosea hata data ikiwa nyingi?

Kwa sababu mauzo si mahitaji. Rafu ikiwa tupu siku tatu, rekodi inaonyesha sifuri, modeli inajifunza kwamba hakuna anayetaka bidhaa, inaagiza kidogo, rafu inabaki tupu. Weka alama kwenye siku ambazo bidhaa haikuwepo na uzitoe. Rekodi pia punguzo za bei na sikukuu, na zile zinazohama tarehe kila mwaka zipewe safu yao.

Omba utabiri uje na kiwango cha chini na cha juu, usikubali namba moja. Kampuni ya Zillow ya Marekani ilikuwa ikinunua nyumba ili iziuze tena, na mwaka 2021 ilitangaza kufunga biashara hiyo ikisema kutotabirika kwa bei za nyumba kumezidi ilivyotarajia. Thamani ya nyumba ilizokuwa nazo ilishushwa kwa dola milioni 304 katika robo moja ya mwaka.

Modeli za lugha zinafaa kuhudumia wateja?

Zinafaa zikifungwa kwenye nyaraka zako. Modeli ya lugha hutabiri kipande cha neno kinachofuata. Ukweli haumo kwenye hesabu hiyo, ndiyo maana hubuni kwa ujasiri uleule inaosemea kweli. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Mwaka 2024 baraza la usuluhishi nchini Canada liliamua kwamba Air Canada inawajibika kwa maelezo yasiyo sahihi ya nauli yaliyotolewa na mfumo wake wa mazungumzo. Hoja ya kwamba mfumo ulijisemea haikukubaliwa.

Njia inayofanya kazi ni hii. Kata nyaraka vipande vya maneno 200 hadi 500, kila kimoja kikibeba kichwa cha habari na tarehe. Swali likija, tafuta vipande vinavyokaribiana nalo, mpe modeli hivyo tu, iagize itaje kipande ilichotumia au ikiri kwamba jibu halimo. Andaa maswali halisi 100, na 20 kati yake yasiwe na jibu kwenye nyaraka. Pima utafutaji peke yake kwanza: kama kipande sahihi hakikupatikana, kulaumu modeli ni kumwonea. Mara nyingi kosa ni nyaraka mbili zinazopingana, ya zamani na mpya, ambazo hakuna aliyeziondoa.

Nyaraka za siri zichujwe kwa haki za anayeuliza kabla ya kutafutwa. Kuiagiza modeli "usiseme siri" si ulinzi.

Kwa Kiswahili zinafanya vizuri kiasi gani?

Kuandika zinaandika, kuna sehemu za kuangalia. Vikata-maneno (programu zinazokata maandishi vipande kabla modeli haijayasoma) vingi vilijengwa kwa Kiingereza zaidi, kwa hiyo "hawakutuambia" hukatwa vipande kadhaa, na huduma zinazolipiwa kwa vipande huwa ghali zaidi. Saa ni mtego: "kesho saa mbili asubuhi" ni saa 8:00, na mfumo usioandaliwa utaandika 2:00. Jaribu kila mfumo wa kupanga miadi kwa saa zote 24. "Yeye" haina jinsia, hivyo tafsiri ya mashine kwenda Kiingereza hubahatisha, na daktari huwa mwanamume, muuguzi mwanamke. Pia watu huandika kwa mkato na kuchanganya lugha ("nmetuma juz, bado cjapata"). Jaribu kwa ujumbe kama huo, si kwa Kiswahili cha kitabu.

Naweza kuiendesha kwenye kompyuta yangu, bila kutuma data nje?

Ndiyo. Modeli yenye vigezo (namba ilizojifunza) bilioni 7, kila kimoja kwa biti 16, inahitaji takriban GB 14 za kumbukumbu. Ikibanwa kwa biti 4, takriban 3.5, na nyongeza kwa ajili ya maandishi inayosoma. Ubora hushuka kidogo, na hushuka zaidi kwa lugha ambazo modeli ilizijua kwa shida. Pima kwa maswali yako.

Kuondoa safu ya jinsia kunaondoa ubaguzi?

Hapana. Mwaka 2018 iliripotiwa kwamba Amazon iliacha chombo chake cha majaribio cha kuchuja waombaji kazi, kwa sababu kilijifunza kutokana na maombi ya zamani, mengi ya wanaume, kushusha alama za wasifu wenye neno "women's" (la wanawake). Jina la shule, anwani au pengo kwenye ajira hubeba habari ileile. Ili ujue kama modeli inabagua, lazima uwe na safu hiyo kando na upime makosa kwa kila kundi.

Modeli huzeeka?

Huzeeka kimya kimya. Mwaka 2020 mazoea ya ununuzi yalibadilika ndani ya wiki chache, na tabiri za mauzo zikapoteza maana. Kawaida sababu ni ndogo zaidi: kihisi kimebadilishwa na kipya kinachotoa Farenhaiti, au fomu imeongezewa chaguo. Kila siku linganisha wastani na idadi ya nafasi tupu za kila safu na zile za wakati wa mafunzo. Modeli mpya iendeshwe kivulini kwa wiki 2 hadi 4, ikitabiri bila kugusa kitu, kabla ya kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Ya zamani usiifute.

Sheria zinasemaje?

Hutofautiana kwa nchi. Iliyo pana zaidi ni Sheria ya Akili Bandia ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 2024 kwa awamu. Hugawa matumizi kwa kiwango cha hatari, na faini ya juu kabisa ni euro milioni 35 au asilimia 7 ya mapato ya mwaka duniani, iliyo kubwa kati ya hizo. Inawagusa hata walio nje ya Ulaya iwapo mfumo wao unatumika huko.

Nimuulize nini muuzaji kabla ya kusaini?

Modeli ilipimwa kwa data za nani, na lini. Kati ya kengele 100, ngapi ni za kweli kwa wingi wa matukio kama wangu. Data zangu zitafunzia modeli za wengine? Nikiondoka, nitachukua lebo zangu? Kisha mpe mifano 300 ambayo wewe unajua majibu yake na yeye hayajui, arudishe utabiri, usahihishe mwenyewe.